Palanpur na watu wa salio

Nguo zangu za kazini nazipeleka kwa dobi aliye nyuma ya kituo cha daladala. Ni kijana aliyewahi kuuza mitumba, akaendesha bodaboda, kisha akaona pasi inalipa afadhali kidogo. Mwakani akipata kitu bora ataiacha, na mdogo wake wala hatafikiria kuirithi. Kwetu udobi ni kazi ya mtu mpaka aichoke.

Neno lenyewe tumelipata kutoka India, kama tulivyopata laki na chapati, ila mzigo wake mzito haukushushwa bandarini. Kule mtu huzaliwa dhobi. Anaweza kuwa hajawahi kufua nguo ya mtu mwingine maisha yake yote, analima ngano au anaendesha lori, na bado jina hilo likaamua binti yake ataolewa na nani. Baniani naye ni vivyo hivyo: Kiswahili kimemfanya kuwa Mhindu yeyote, hata kikamtungia methali ya kiatu, kumbe mwanzo lilikuwa jina la jamii ya wafanyabiashara peke yake. Tumekuwa tukitamka majina ya matabaka ya India kwa karne kadhaa bila kujua tunatamka nini.

Wahindi wenyewe huliita kundi hilo jati. Limefanana na jadi yetu kwa bahati tu, maana moja ni Kisanskriti cha kuzaliwa na jingine ni Kiarabu cha babu, lakini bahati yenyewe si mbaya. Jati unazaliwa nayo, unaoa ndani yake, na kijijini mara nyingi unaishi upande wake. Katika vijiji vya Tamil Nadu kuna ur, kijiji chenyewe, na kuna cheri, makazi ya wale waliokuwa wakiitwa wasioguswa, pembeni. Maharashtra kulikuwa na maharwada, makazi ya pembeni ya namna hiyo hiyo. Mgeni anayeingia kwa mguu, akijua pa kutazama, anaweza kuusoma muundo wa jamii kabla hajasalimiana na mtu.

Anayeingia kwa njia ya takwimu ana kazi kubwa zaidi. Chukua kijiji chochote katika sensa ya 2011, utakuta mstari mrefu wa namba: kaya, watu, wanaume, wanawake, watoto wa miaka 0 hadi 6, wanaojua kusoma na kuandika, wenye kazi na wasio na kazi. Katikati ya mstari huo kuna safu za makundi mawili tu ya kijamii. La kwanza ni matabaka yaliyoorodheshwa, yaani jamii zilizobaguliwa kwa unajisi na kuwekwa katika orodha rasmi chini ya ibara ya 341 ya katiba. La pili ni makabila yaliyoorodheshwa, chini ya ibara ya 342. Dini haichapishwi katika ngazi ya kijiji. Watu waliobaki hawana safu yoyote. Ukiwataka, unawapata kwa kutoa.

Kwa India nzima, kundi la kwanza lilikuwa asilimia 16.6 na la pili asilimia 8.6. Kwa hiyo karibu robo tatu ya Wahindi, katika hesabu ya kijamii ya nchi yao, ni salio. Mimi nashikilia kwamba mambo makubwa yaliyotokea vijijini India tangu uhuru yametokea ndani ya salio hilo, na anayeeleza kijiji kwa kunakili namba zake rasmi amenakili kila kitu isipokuwa kijiji.

Nitumie kijiji kimoja ambacho tunakijua nje ya karatasi ya sensa. Palanpur iko wilaya ya Moradabad, jimbo la Uttar Pradesh, mashariki mwa Delhi. (Wasomaji wenye asili ya Gujarat wasiichanganye na mji wa Palanpur wa kwao, ule wa wafanyabiashara wa almasi.) Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi waliihesabu kaya kwa kaya mwaka 1957–58 na tena 1962–63. Wachumi Christopher Bliss na Nicholas Stern wakafuata 1974–75, Jean Drèze akaishi hapo 1983–84, wakarudi watu 1993, wakarudi tena kuanzia 2008. Sijui kijiji kingine duniani kilichovumilia wageni wenye madaftari kwa muda mrefu kiasi hicho. Wa kwanza walikuta watu 528. Mwaka 1983 walikuwa 960, mwaka 1993 walikuwa 1,133, na mwaka 2008 walikuwa 1,255. Ni kijiji cha wastani: mwaka 2011 watu milioni 833 waliishi katika vijiji karibu laki sita vyenye watu, ambayo ni kama watu 1,400 kwa kila kijiji.

Sasa tutoe kama sensa inavyotaka. Katika Palanpur, walioorodheshwa ni Jatab, ambao jadi yao ilifungamanishwa na kazi za ngozi, pamoja na Passi wachache. Jatab walikuwa kama mtu mmoja katika kila wanane. Watu wa makabila hawapo. Wengine wote ni salio, na humo ndani tunawakuta Thakur, wenye majivuno ya kishujaa na ardhi, kama robo ya kijiji. Wamo Murao, wakulima kwa nasaba na kwa mapenzi, nao kama robo nyingine. Wamo Dhimar waliokuwa wachota maji, Gadaria waliokuwa wachunga kondoo, na Teli, wakamua mafuta, ambao ni Waislamu. Na wamo Dhobi.

Dhobi wa Palanpur nao ni Waislamu, na hapa karatasi inafanya kiini macho. Katika Uttar Pradesh, Dhobi Mhindu yumo katika orodha ya matabaka yaliyobaguliwa. Dhobi Mwislamu hayumo. Amri ya rais ya mwaka 1950 iliwapa Wahindu nafasi hiyo, Masingasinga wakaongezwa mwaka 1956, Mabudha mwaka 1990, na Waislamu na Wakristo wameachwa nje hadi leo kwa hoja kwamba dini zao hazina matabaka. Kwa hiyo watu wawili wenye jina moja, waliorithi kazi moja ya kufua nguo za wakubwa, mmoja ana safu yake katika sensa na mwenzake anaangukia kwenye salio, kapu moja na Thakur. Ni kweli serikali ya jimbo imempa Dhobi Mwislamu nafasi katika orodha nyingine, ile ya jamii zilizo nyuma. Lakini orodha hiyo sensa ya 2011 haikuigusa.

Hilo halikuwa kosa la karani. Lilikuwa uamuzi. Waingereza walihesabu kila jati, na mwaka 1901 walijaribu hata kuzipanga kwa daraja la heshima, matokeo yake vyama vya jati vikamiminika na barua za kudai kupandishwa. Mara ya mwisho takwimu kamili za jati kuchapishwa ilikuwa sensa ya 1931. India huru iliamua kuwahesabu wale tu ambao katiba imewaahidi fidia, na kuwaacha wengine wawe raia bila vibandiko. Nia ilikuwa njema na siidharau. Ila jati haikuusoma uamuzi huo.

Turudi Palanpur tuone jati ilikuwa inafanya nini wakati haihesabiwi. Uttar Pradesh ilipitisha sheria ya kufuta uzamindari, yaani mfumo wa makabaila wa ardhi, mwaka 1950, na waliokuwa wakilima mashamba ya wengine kwa muda mrefu wakapata haki juu ya udongo. Kisha zikaja pampu za maji na mbegu mpya za ngano. Ngano iliyostawi kwa maji ilimtaka mtu anayeamka alfajiri na kukaa shambani, na Murao alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo. Kwa Thakur, kutoka jasho shambani kulipunguza hadhi, na kwenda kufanya kibarua kwa jirani ndiyo haikusemeka kabisa. Katika miongo michache Murao wakawa wamewakaribia na pengine kuwapita Thakur kwa ardhi na kipato cha kila kichwa. Thakur wakatazama nje, kwenye ajira za mjini. Haya ni mageuzi makubwa ya nguvu ndani ya kijiji kimoja, na katika namba rasmi hayaonekani hata kidogo, kwa sababu aliyepanda na aliyeshuka wote ni salio.

M. N. Srinivas, mwanaanthropolojia aliyekaa Rampura karibu na Mysore, kusini mwa India, mwaka 1948, alieleza kwamba mkubwa wa kijiji si lazima awe Brahmani aliye juu kwa usafi wa dini. Mkubwa ni jati yenye watu wengi, yenye ardhi, na isiyo chini mno katika heshima. Vipimo vitatu. Sensa ya kijiji haitoi hata kimoja kwa jati za salio. Haikuuliza jina la jati, na haikuuliza ukubwa wa shamba.

Jatab wao wanaonekana vizuri kwenye karatasi, na kuonekana huko kuna faida. Marekebisho ya 73 ya katiba, yaliyoanza kutumika Aprili 1993, yanataka viti vya halmashauri za vijiji vitengwe kwa walioorodheshwa kulingana na idadi yao, na theluthi moja kwa wanawake. Kwa hiyo ile namba kavu ya sensa inaamua ni lini kijiji kitaongozwa na Jatab, hata kama Thakur watano wanasaga meno. (Kwa upande wa wanawake, Uttar Pradesh imezaa cheo kisichomo katika sheria yoyote: pradhan-pati, mume wa mwenyekiti, anayekaa kikaoni badala ya aliyechaguliwa.) Lakini tukitazama hali zao za maisha, daftari za Palanpur zinaonyesha Jatab wakibaki chini kabisa kuanzia 1957 hadi 1993: ardhi kidogo, vibarua, shule hafifu. Kuhesabiwa kuliwapa kiti. Shamba halikuja pamoja na kiti.

Nusu ya kijiji ina habari tofauti kabisa. Kaskazini mwa India msichana haolewi ndani ya kijiji alichozaliwa. Wavulana wa kijiji ni kaka zake, hata wasio ndugu. Kwa hiyo karibu wanawake wote walioolewa wa Palanpur ni wageni waliokuja kwa harusi, na karibu mabinti wote waliozaliwa Palanpur wamekwenda kuwa wageni kwingine. Tunapozungumza juu ya uhamiaji India tunawaza vijana wanaopanda treni kwenda Mumbai, ilhali sababu kubwa kuliko zote ya watu kuhama katika sensa ni ndoa. Muundo wa kijamii wa kijiji, basi, ni ukoo wa wanaume waliotulia na mkondo wa wanawake wanaopita. Wanaume wanarithi ardhi. Wanawake wanarithi mama mkwe.

Ndiyo maana sishangai kusoma kwamba mwaka 1983–84 wanawake wa Palanpur waliojua kusoma hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Elimu ya binti ilikuwa uwekezaji katika nyumba ya watu wengine. Nenda kusini uone tofauti: ndoa za binamu zimekuwa za kawaida, binti haendi mbali na mama yake, na sensa ya 2011 ilikuta wanawake 996 kwa kila wanaume 1,000 Tamil Nadu na 1,084 Kerala. Uttar Pradesh walikuwa 912. Siwezi kusema undugu peke yake ndio umefanya hivyo, Kerala ina historia yake ya shule na hospitali, lakini anayetafuta maelezo ya namba hizo aanzie mlangoni, bibi harusi anapoingilia.

Kwa watoto wa miaka 0 hadi 6, Uttar Pradesh ilishuka kutoka wasichana 916 kwa wavulana 1,000 mwaka 2001 hadi 902 mwaka 2011, ingawa sheria ya kukataza kupima jinsia ya mimba ilikuwapo tangu 1994. Hapa naomba subira, kwa sababu waandishi wengi hukimbilia kijiji kimoja, wakakuta uwiano mbaya, wakakihukumu. Fanya hesabu. Kijiji chenye watoto 200 wa umri huo, kwa uwiano wa 902, kitakuwa na wavulana 105 na wasichana 95. Kwa uwiano wa kimaumbile, unaozunguka 950, wangekuwa 103 na 97 au hivi. Pengo ni wasichana wawili au watatu. Hakuna jirani atakayeliona. Mwaka mmoja wa bahati nzuri utalifuta na mwaka wa bahati mbaya utaliongeza mara tatu, bila mtu yeyote kutenda dhambi. Lakini jimbo lile lina vijiji karibu laki moja. Wawili hapa, watatu pale, na unapata zaidi ya laki mbili za wasichana ambao hakuna kijiji hata kimoja kinachokumbuka kuwapoteza. Uwiano wa kijinsia ni jambo ambalo kijiji kimoja hakiwezi kulisema hata kikitaka.

Kazi nazo zina mtego wao. Sensa inawagawa wenye kazi mafungu manne: wakulima, vibarua wa mashambani, viwanda vya nyumbani, na fungu la nne ambalo jina lake kamili ni wafanyakazi wengine. Mkulima katika hesabu hii si lazima awe na ardhi. Palanpur watu hulima kwa batai, wanagawana mavuno nusu kwa nusu na mwenye shamba, na mlimaji wa batai anaandikwa mkulima hata kama hamiliki hatua kumi za udongo. Mwenye shamba aliyekabidhi kila kitu na kukaa zake barazani haandikwi mkulima. Mantiki ipo, maana sensa inauliza unafanya nini, haiulizi una nini. Ila msomaji anayeona wakulima wengi akadhani ameona wamiliki wengi, amepotea njia mapema.

Hata hivyo namba za taifa zinasema kitu. Mwaka 2001 India ilikuwa na wakulima milioni 127 na vibarua wa mashambani milioni 107. Mwaka 2011 wakulima walishuka hadi milioni 119 na vibarua wakapanda hadi milioni 144. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, wanaolima kwa ujira waliwazidi wanaolima kwa haki ya shamba. Palanpur inaonyesha sababu mojawapo kwa hesabu ya darasa la nne: watu wamezidi mara mbili, ardhi haijaongezeka hata bigha moja (kipimo cha shamba cha huko), na kila kifo cha baba kinaikata vipande kwa idadi ya wana.

Kilichookoa kijiji ni reli. Kuna kituo kidogo karibu, treni inakwenda Chandausi upande mmoja na Moradabad, mji wa shaba, upande mwingine. Walioanza kupanda treni hiyo walikuwa wenye majina ya kujulikana na wajomba mjini. Jatab walichelewa, na walipoanza waliingia kwa mlango wa nyuma, matanuri ya matofali na ujenzi. Watafiti waliorudi baada ya 2008 walikuta kazi za nje ya kilimo zimekuwa ndiyo injini ya kipato, na Jatab nao wamo. Walikuta pia jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote: tofauti za kipato ndani ya jati moja zimekua. Thakur na Thakur hawafanani tena. Kaya iliyopata kazi mjini na kaya iliyobaki na bigha tatu zinakula wali wa harusi pamoja, na basi.

Weka pamoja haya mawili. Teli wa Palanpur, Mwislamu, hana shamba la maana, anapanda treni asubuhi kwenda Chandausi na kurudi jioni. Katika safu za jamii yeye ni salio. Katika safu za kazi yeye ni mfanyakazi mwingine. Kila hatua aliyopiga maishani imempeleka kutoka kapu moja lisilo na jina kwenda jingine.

Sensa iliyopaswa kufanyika mwaka 2021 iliahirishwa kwa ajili ya korona, mara ya kwanza kwa mlolongo wa miaka kumi kumi kukatika tangu 1881. Aprili 2025 serikali ya Delhi ilitangaza kwamba safari hii jati zote zitahesabiwa, na tarehe ya rejea imewekwa 1 Machi 2027. Bihar, jirani wa Uttar Pradesh, haikusubiri. Matokeo ya hesabu yake yalitoka tarehe 2 Oktoba 2023, na salio la Bihar likafunguka: asilimia 36 ni jamii zilizo nyuma kabisa, asilimia 27 zilizo nyuma kiasi, na wasio na orodha yoyote ni asilimia 15.5. Mwezi mmoja baadaye jimbo likapandisha nafasi zilizotengwa katika ajira na vyuo hadi asilimia 65. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Patna ikabatilisha. Wanaosema kuhesabu jati kutawasha moto wana ushahidi wao, na ile foleni ya barua za 1901 ni sehemu yake.

Bado nawaunga mkono wanaotaka kuhesabu, kwa shingo upande. Kutohesabu hakukumfanya Dhobi wa Palanpur asiwe Dhobi, kulimfanya tu asiwe na ushahidi. Ninachohofia ni hesabu nusu. Jina la jati bila ukubwa wa shamba litawapa wanasiasa idadi ya kura kwa kila kundi, bila kutueleza nani ndani ya kundi ana pampu ya maji na nani anaomba maji kwa mwenzake. Watafiti waliomfuata Murao kwa miaka hamsini walijua kuinuka kwake kwa sababu waliandika bigha zake kando ya jina lake, katika mstari mmoja wa daftari. Karani atakayebisha hodi Palanpur mwaka 2027 ataambiwa jina la jati bila shida. Watu huko wamekuwa tayari kulitaja tangu 1931.